Kete ya Tano

Nimeambiwa niwaeleze machache kuhusu kazi yangu. Machache mimi siyajui, kwa hiyo kaeni vizuri. Na yule aliyeleta mkoba uliobandikwa kete kwa gundi aufiche chini ya kiti kabla sijauona tena. Gundi, jamani! Hapa Garissa jua la mchana linalainisha lami barabarani, nanyi mnabandika kete kwa gundi. Mteja akifika Modogashe atabaki na mkoba mtupu, kete zote zimemwagika ndani ya lori. Kete hushonwa. Nimezishona miaka arobaini na kitu, macho yamekwisha, vidole vimepinda, na sijabandika hata moja.

Mimi ni Dahabo. Mnaniita Ayeeyo, yaani bibi, nami nimekubali, ingawa wengine wenu hapa mmeanza kuota mvi na bado mnajiita vijana.

Tuanze na mwenye nyumba yake, konokono. Watu wa pwani humwita kauri, na hizi ndogo wanaziita kete. Sisi nyumbani husema alleelo. Ile tuliyoipenda kuliko zote haizidi ncha ya kidole gumba. Mgongo wake ni mweupe wenye kijivu kidogo, na juu yake umezungukwa na pete ya manjano. Ukiigeuza, tumboni kuna ufa mrefu, na ufa huo una meno pande zote mbili. Yahesabuni siku moja mkiwa hamna kazi. Nimeshika kete nyingi kuliko nywele nilizobaki nazo, na kila nilipolinganisha mbili, hazikufanana meno. Mola ametengeneza kitu kidogo hivyo, akakiweka chini ya maji ambako hakuna anayekiona, na bado hakukifanyia haraka. Subhanallah.

Na sisi tuliozishona hatukuwa tumeiona bahari. Wenye ngamia na mbuzi wana shughuli gani baharini? Kete zilitufikia kwa wachuuzi waliopanda na Mto Tana kutoka pwani, zikiwa ndani ya magunia, na tulizinunua kwa kipimo cha kikombe cha bati. Tulijua nje ndani jinsi ya kuzishona, lakini aliyekaa ndani yake hatukumjua kabisa.

Kutomjua kuliniponza mapema. Nilikuwa nimeolewa karibuni, mume wangu yuko safarini na mifugo ya watu, nami nilianza kujifunza kwa Eddo Ebla. Eddo ni shangazi. Hakuwa dada wa baba yangu wa tumbo moja, lakini kwetu mwanamke wa umri ule huwezi kumwita kwa jina kavu. Yeye ndiye aliyekuwa fundi mkubwa wa kete mjini. Siku moja mchuuzi akaniuzia kete kwa bei ya kutupa, nzuri ajabu, zinang'aa, nzito kidogo. Huo uzito ungenitosha kujua. Sikuzikata mgongo, nikazitoboa tundu dogo tu pembeni, nikazishona kwenye mfuniko wa dhiil, chombo chetu cha maziwa cha kusukwa, cha bibi harusi aliyekuwa akienda Bura. Hazikupita siku kumi, mama mkwe wa bibi harusi akarudi na kile chombo amekinyoosha mbali na pua yake. Konokono walikuwa bado wamo ndani, wafu, na joto la Bura mnalijua.

Eddo Ebla hakunipiga wala hakunitukana. Alitia maziwa ndani ya chombo kile, akaniambia ninywe. Nikanywa. Mpaka leo sili samaki.

Basi shikeni hili. Kete nzito isiyolia ukiigonga kwa ukucha, usiinunue. Ukiwa umeshainunua, izike mchangani karibu na njia ya sisimizi, uisahau mwezi mzima. Sisimizi watakufanyia kazi bila malipo. Usiichemshe, itapasuka. Usiisugue kwa limau, nawaomba sana, maana limau huondoa ule mng'aro na haurudi tena hata ukilia. Mgongo ukatwe kwa tupa, taratibu, mpaka kete ilale tambarare juu ya ngozi, halafu uzi wa mshipa wa mnyama upite kwenye ufa na utoke upande ule uliokatwa. Fundo liwe nyuma ya ngozi. Mteja akiliona fundo lako, ameona uvivu wako.

Na moshi. Dhiil hufukizwa kwa vijinga vya mti mzuri ili maziwa yakae na yawe na ladha. Kete zikikaa kwenye moshi huo mwaka hadi mwaka, hubadilika. Kwanza huwa kama maziwa ya ng'ombe, kisha manjano hafifu, na zikifika umri wa mtu mzima huwa na rangi ya samli safi, rangi inayoingia mpaka kati ya meno. Hakuna dawa ya kuileta rangi hiyo haraka. Nimewaona wanaochovya kwenye chai. Inatoka kwenye mvua ya kwanza na kuwatia aibu.

Eddo Ebla alikuwa na moja ya rangi hiyo. Ilitoka kwenye dhiil ya mama yake, chombo kilipokufa, na akaishona kwenye ukanda wa shingoni wa ngamia wake. Ukanda huo ulibeba kengele ya mbao na kete kumi na tatu. Kumi na mbili zilikuwa nyeupe za kawaida. Ya tano ukihesabu kutoka kwenye kifungo ndiyo ile ya samli. Ilikuwa na pengo, jino moja limevunjika chini kushoto. Maalimu mmoja aliwahi kumgombeza kwamba anamfungia ngamia hirizi. Eddo akamjibu kwamba kama pambo la ngamia ni dhambi, basi yeye Maalimu avue ile saa yake isiyotembea.

Mimi niliipenda kete ile kupita kiasi. Niseme nini? Kila nilipoletewa ukanda ule niukaze, mkono wangu ulikwenda kwenye ya tano kabla ya kazi. Niliigeuza kwenye jua. Niliiweka shavuni. Na siku moja Eddo alipokuwa ameingia ndani kusali, nikakata uzi, nikaitoa, nikashona nyeupe mahali pake. Nilishona vizuri sana, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba ile mishono ilikuwa bora kuliko yote niliyomwonyesha mpaka siku hiyo. Kete ya mama yake nikaifunga kwenye pindo la guntiino, nguo yetu ya kufunga begani, nikatoka nayo.

Nilimwibia mwalimu wangu. Nimelisema mara nyingi maishani na bado halijazoea mdomo wangu.

Huo ulikuwa wakati wa shifta, vita vya serikali na waasi wa huku kwetu. Wazazi wenu wengine walizaliwa humo na hawapendi kuuzungumzia, nami siwalaumu. Bila kibali huendi popote. Malori yalitembea kwa msafara na askari, yakipata nafasi. Wachuuzi wa Tana walikoma kuja, kete zikakosekana kabisa, na sisi mafundi tukawa tunafumua vyombo vizee ili tushone vipya. Mifugo ilipungua kila mahali. Eddo Ebla, mjane, alilea wajukuu wawili waliofiwa na mama yao, na katika mali yote ya marehemu mume wake alibaki na ngamia mmoja wa maziwa, jina lake Barwaqo. Watoto wale walikula Barwaqo asubuhi na Barwaqo jioni. Chakula kingine kilikuwa cha bahati.

Majuma mawili hivi baada ya wizi wangu, risasi zikalia upande wa barabara ya Modogashe. Wachungaji wakatawanyika, ngamia nao wakatawanyika. Askari wakakusanya ngamia waliowapata wakawaleta kwenye zizi kubwa nje ya mji, na Barwaqo akiwamo. Tangazo likatoka kwamba kila mwenye ngamia aende athibitishe. Asiyethibitishwa atauzwa.

Kuthibitisha kulikuwa kazi. Chapa ya moto iliyoko pajani ni ya ukoo mzima, kwa hiyo ngamia mmoja alikuwa na wenyewe mia. Eddo akataka amwite tu Barwaqo kwa jina, aone kama hatakuja. Mkubwa wa zizi alikuwa amechoka, na alisema ameshaona ngamia akimfuata mtu yeyote mwenye chumvi mkononi. Akatoa sheria yake. Kanda, kamba na kengele zote zilivuliwa zikafungwa namba na kuwekwa ndani ya magunia nyuma ya meza. Mtu aeleze alama za ngamia wake na vitu vyake kabla hajaviona. Akikosea moja, apishe mwingine.

Eddo akafurahi. Tulipokuwa kwenye foleni aliniambia kwa Kisomali, "Kumbe ni hilo tu? Ukanda ule naujua kuliko uso wangu." Mimi nikalishika pindo langu. Ningemwambia pale pale, tukiwa wawili tu. Nilikuwa na nusu siku nzima ya foleni ya kumwambia, na sikumwambia.

Halafu nikaitwa mbele naye, kwa sababu nilijua Kiswahili. Baba yangu alikuwa na hoteli ya chai pale malori yanaposimama, nikakua nikisikia kila Kiswahili cha nchi hii. Nikawa mkalimani wake. Mkubwa wa zizi alikaa kati, na pembeni yake karani kijana kutoka visiwa vya pwani, Shee jina lake, mwembamba, mpole, anayeandika kwa herufi ndogo ndogo. Shee akauchukua ukanda ndani ya gunia akaushika chini ya meza, hatukuuona.

Eddo akaanza. Kengele ya mbao yenye ufa mmoja. Kete kumi na tatu. Uzi wa mshipa. Ya kwanza na ya mwisho zimelazwa ubavu. Nami natafsiri, na kila jambo Shee anaitikia kwa kichwa. Akafika kwenye ya tano. Akasema ni ya manjano, ya rangi ya samli, ina pengo chini kushoto, ni ya mama yake.

Nikageuka kwa mkubwa nikasema, "Ya tano ni nyeupe."

Naam. Niliona njia, nikaipita. Nilijiambia ngamia atarudi, watoto watakunywa, na hakuna atakayejua. Nilisahau kwamba Eddo Ebla alikuwa ameuza vyombo sokoni miaka ishirini, na kama Kiswahili chote kilimshinda, rangi hazikumshinda. Akaniangalia. Kisha akamwangalia mkubwa, akasema mwenyewe kwa Kiswahili chake, "Hapana. Hii msichana nasema uongo. Tano iko njano. Iko na bengo."

Shee akautoa ukanda juu ya meza, taratibu, kama mtu asiyependa anachokifanya. Ya tano ilikuwa nyeupe pe.

Mkubwa akasema mama amekosea, apishe. Eddo aliinama akaitazama kete ile, na mkono wake ukaigusa, na nikaona anavyoelewa kwamba ile siyo, lakini haelewi imekuwaje. Hakulia. Alisema tu kwa sauti ndogo majina ya wajukuu wake wawili. Mtu wa nyuma yetu alikwisha kuanza kusogea.

Hapo nikasema. Sikumbuki maneno yote, nakumbuka kwamba niliyasema mara mbili, kwa Kiswahili kisha kwa Kisomali, kwa sababu mkalimani nilikuwa mimi na hakukuwa na mwingine wa kunisaidia. Nikasema niliiiba. Nikafungua pindo langu mbele ya foleni ile yote ya watu wanaonijua, nikaiweka kete ya samli juu ya meza.

Mkubwa akasema kwamba mtu yeyote anaweza kuja na kete mfukoni akadai anachotaka. Alikuwa na haki. Lakini Shee aliichukua ile kete akaigeuza, akaomba ruhusa, akatoa kisu kidogo, akakata mishono yangu mizuri na kuinua ile nyeupe. Chini yake ngozi ilikuwa na alama. Pale palipofunikwa na kete miaka yote ngozi ilibaki nyeupe, na katikati vumbi lililopita kwenye ufa lilikuwa limechora kila jino, moja moja. Chini kushoto palikuwa na doa jeusi dogo, mahali ambapo vumbi na jasho la ngamia vilipenya kwenye pengo. Shee akaiweka ya samli juu ya alama. Ikaingia. Akajaribu kuitikisa kwa kidole, haikucheza.

"Afande," akasema, "hii imelala hapa miaka mingi. Ile nyingine ni mgeni."

Mkubwa akasimama, akainama, akaangalia muda mrefu. Akamwandikia Barwaqo kutoka. Kisha akamuuliza Eddo anataka mimi nifanywe nini. Foleni yote ikasogea isikie, na mimi nilikuwa tayari kwa lolote.

Eddo Ebla akasema neno moja: "Ashone."

Nikakaa chini kwenye mchanga, mbele ya meza, jua utosini, nikaishona kete ya tano mahali pake huku watu wakinisubiri. Mishono ikawa mibaya. Haikufumuliwa mpaka juzi hizi. Na nadhani ni kwa kunihurumia, Shee akaanza kuzungumza, ili aniondolee macho ya watu. Alisema kwao, maji yakipwa, yeye na bibi yake walikuwa wakigeuza mawe ya matumbawe na kuwakuta hawa wakiwa hai. Alisema konokono huyu akitembea haonekani gamba lake, kwa sababu hutoa nyama yake nje pande mbili, nyembamba, yenye madoa, akajifunika mpaka zikutane mgongoni. Ukimgusa, anairudisha ndani, na ghafla lile gamba linatokea linang'aa, limelowa. Ndiyo maana halina uchafu wala mwani, alisema, maana mwenyewe analifunika na kulipaka maisha yake yote. Na akiwa mdogo hana meno. Mdomo wake ni mwembamba. Akishakua ndipo mdomo hujikunja na kuota meno, na tangu hapo haongezeki urefu, anazidi unene tu.

Nilitafsiri hayo yote, na hayo niliyatafsiri sawasawa. Eddo alisikiliza kama anayesikiliza habari za jamaa aliyempoteza. Miaka ishirini alizishika, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Mwisho aliuliza swali moja, kwamba je, konokono huyo huifanya kazi hiyo ya kupaka hata gizani, chini ya jiwe, ambako hakuna wa kumwona? Shee akasema hasa hapo. Eddo akatikisa kichwa kwa kustaajabu, na mimi nikainamia sindano yangu.

Hakuzungumza nami siku tisa. Kila asubuhi alimtuma mjukuu wake mdogo aniletee kikombe cha maziwa ya Barwaqo, na mtoto akasema "Kunywa" kisha akaondoka. Heri angenichapa. Siku ya kumi akaja mwenyewe, ameubeba ukanda, akaulaza mapajani mwangu.

"Kuanzia leo huu haushikwi na fundi mwingine ila wewe," akasema.

Nikamwuliza kwa nini mimi, kati ya watu wote.

"Kwa sababu wewe ndiye unayejua mtu anavyoweza kuitamani ya tano."

Nimeutunza tangu hapo. Eddo ametangulia mbele ya haki, Mola amrehemu, na Barwaqo naye alikufa kwa uzee, jambo ambalo ngamia wachache wa wakati ule walilipata. Ukanda uliendelea kwa binti wa Barwaqo na kwa binti wa binti. Yule mjukuu aliyeniletea maziwa sasa ni mama mzima na mifugo yake huko Modogashe, na kila baada ya mvua huniletea ukanda niukague. Safari hii ameniambia ya tano imelegea, na kwa kuwa inaonekana chafu, niweke tu nyeupe mpya. Ni mtoto mzuri, lakini alikuwa mdogo sana siku zile.

Ukanda huu hapa. Na kete, mnaona, nimeifunga kwenye pindo langu, pale pale. Nimejaribu siku tatu kupitisha uzi na macho yamekataa. Jana nilikaa nayo mkononi nikaona aibu ya zamani inanirudia, maana imo tena kwenye nguo yangu na mwenyewe hayupo.

Kwa hiyo wewe, mwenye mkoba wa gundi. Ndiyo, wewe. Acha kujificha nyuma ya mwenzako, sogeza kiti. Nawa mikono kwanza. Tazama alama kwenye ngozi kabla hujaweka kitu, doa jeusi chini kushoto, umeliona? Haya, shika. Usiniulize kama ni nzuri, nishakujua kwa jinsi unavyoigeuza kwenye jua. Shona. Nikipewa ukanda sitauangalia, nitapapasa ya tano kwa kidole hiki, nitafute pengo.